Deni la Ofa

Bia ya kwanza niliyokunywa maishani sikuinunua. Niliwekewa mezani ikiwa imeshafunguliwa, na aliyeiagiza alikuwa mtu niliyempenda na kumheshimu, kwa sababu wiki chache kabla ya hapo alikuwa amenipokea bandarini Mwanza nikitoka Ukerewe na sanduku langu la bati, akanibebea godoro hadi Mkolani bila kunidai hata nauli ya daladala. Hakunilazimisha wala hakunicheka. Alisema tu, "Mdogo wangu, leo ni siku yako," kisha akaendelea na mazungumzo yake ya mpira. Nimeandika na kufuta makala haya mara kadhaa, kwa sababu kila ninapotaka kueleza jinsi marafiki wanavyowaingiza wanafunzi wa vyuo katika ulevi, nakuta maneno tunayoyatumia siku zote, yaani shinikizo, vishawishi na makundi mabaya, hayafanani hata kidogo na meza ile.

Kundi letu halikuwa baya. Tulikuwa wanne katika nyumba ya vyumba viwili, geto kama wanafunzi wanavyoliita, na tulipika chungu kimoja. Mmoja wetu alipougua malaria, wawili walilala naye hospitali na wa tatu akabaki kumwandikia maelezo ya darasani. Yule mkubwa wetu, ambaye alikuwa mwaka wa tatu, ndiye aliyetufundisha namna ya kusoma kwa kutumia mitihani ya miaka iliyopita, na sina shaka kwamba bila yeye nisingemaliza muhula wa kwanza bila sapu, yaani mtihani wa kurudia somo. Mama yangu, Msabato asiyeruhusu hata kahawa nyumbani kwake, alipokuja kunitembelea aliondoka akimshukuru Mungu kwa vijana aliotukuta nao. Mwaka huo ulikuwa 2010, nami nilikuwa na miaka 21.

Sasa nieleze ofa, kwa sababu ndipo penye kiini cha jambo zima. Katika meza ya baa, ofa haiko karibu sana na zawadi. Iko karibu zaidi na kuchangiana harusi, ambako kila mtu anaweka leo akijua kwamba kesho atawekewa, na daftari halionekani lakini lipo. Ijumaa mbili za mwanzo nilinunuliwa soda. Nilinunuliwa pia chipsi mayai, nikalipiwa bodaboda ya kurudi, na usiku mmoja wenzangu walichanga wakanilipia sehemu ya kodi kwa kuwa pesa yangu ya mkopo ilikuwa imechelewa. Hakuna aliyetaja deni. Lakini siku bumu langu, yaani pesa hiyo ya mkopo, lilipoingia, wote walijua limeingia, na mimi nilijua kwamba wanajua. Ilinibidi nitoe ofa. Nikagundua kuwa kuwanunulia watu bia huku wewe mwenyewe umeshika soda ni sawa na mwenyeji anayepika pilau kisha akakataa kuonja: wageni wanaanza kutazama sufuria kwa wasiwasi. Ndipo bia ile ikawekwa mbele yangu, kwa pesa ya mkubwa wetu, katika siku ambayo mimi ndiye niliyekuwa nikilipia meza. Hata leo naona ilikuwa adabu ya hali ya juu kwa upande wake, kwa kuwa hakutaka ninunue mwenyewe kitu ambacho nyumbani kwetu ni dhambi.

Bumu nalo linastahili neno. Fedha ya kujikimu anayopewa mwanafunzi na Bodi ya Mikopo, ambayo miaka ya karibuni imekuwa ikihesabiwa kwa shilingi 10,000 kwa siku, haitolewi siku kwa siku bali kwa mkupuo wa wiki nyingi. Kijana ambaye hajawahi kushika laki mbili anashika zaidi ya hizo katika saa moja, pamoja na mamia ya wenzake, na wauza chipsi na wenye baa wanapata habari kabla ya yeye kupata ujumbe wa simu. Ukitaka kujua ni wiki gani mwanafunzi wa mji huu yuko hatarini zaidi, huhitaji utafiti. Waulize madereva wa bodaboda wa Nyegezi na Mkolani.

Kazi yangu sasa ni kufundisha takwimu katika chuo kimoja hapa jijini, na ugonjwa wa kazi hii ni kwamba mtu hawezi kuamini hata maisha yake mwenyewe mpaka ayapime. Kwa hiyo nilijiuliza kama kweli ni wenzangu walionibadilisha, au mimi ndiye niliyewatafuta watu wa aina ile. Methali zetu zina majibu mawili yanayopingana. Moja yasema ndege wafananao huruka pamoja, yaani anayependa kunywa atawatafuta wanywaji, na kundi ni matokeo tu. Nyingine yasema ukikaa karibu na waridi nawe utanukia, yaani harufu inahama. Ukiwakuta vijana wanne wakinywa pamoja huwezi kujua kwa kuwatazama ni methali ipi iliyowaweka hapo, na tafiti nyingi za ulevi wa vijana zimekwama kwenye swali hilohilo, kwa kuwa watu huchagua marafiki zao.

Njia ya kulitatua ni kuwaondolea uchaguzi, na mahali ambapo hilo hutokea bila kumwonea mtu ni katika ugawaji wa vyumba vya bweni kwa bahati nasibu. Michael Kremer, ambaye ujanani alifundisha sekondari magharibi mwa Kenya na ambaye mwaka 2019 alikuwa mmoja wa washindi watatu wa Tuzo ya Nobel ya uchumi, alichapisha pamoja na Dan Levy mwaka 2008 utafiti wa aina hiyo kutoka chuo kikuu kimoja kikubwa cha serikali nchini Marekani. Wavulana waliopangiwa, kwa bahati tu, chumba kimoja na mwenzao aliyekuwa akinywa pombe kabla ya kuingia chuoni walipata wastani wa alama uliokuwa chini kwa takriban robo ya pointi, katika mizani ya 4 na siyo ya 5 kama yetu. Athari hiyo haikufifia kadiri muda ulivyokwenda, na ilielekea hata kukua. Walioumia zaidi walikuwa wale ambao wao wenyewe walikuwa wakinywa mara kwa mara kabla ya kuja, wakapangiwa mwenza wa namna hiyohiyo. Kwa wasichana athari ya namna hiyo haikuonekana. Lililonishangaza kuliko yote ni kwamba akili ya mwenza wa chumba, yaani alama zake za sekondari au hali ya familia yake, haikumwambukiza mtu chochote. Kitabu hakikuhama kutoka kitanda kimoja kwenda kingine, chupa ilihama.

Nilipoyasoma hayo nilimkumbuka mama yangu akikagua geto letu. Alikagua kama tuna Biblia, kama tunapika, kama vijana wale wanatoka familia zenye heshima. Hakuuliza Ijumaa tunakwenda wapi.

Kuna utafiti mwingine ambao huwa nauonyesha darasani kwa kuwa wanafunzi wanajiona ndani yake. Mwaka 2005 Margo Gardner na Laurence Steinberg waliwachezesha watu 306 mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta, ambamo taa ya njano inawaka na mchezaji anaamua aendelee kwa umbali gani kabla ya kusimama. Wengine walicheza peke yao na wengine wenzao wakiwatazama. Watu wazima, wenye miaka 24 na zaidi, walicheza vilevile wakitazamwa au wasitazamwe. Vijana wa kati, wenye miaka 18 hadi 22, ambao ndio umri wa vyuo vyetu, walijitia hatarini zaidi wenzao walipokuwepo, na wale wa miaka 13 hadi 16 zaidi ya hao. Hakuna aliyehitaji kusema "ongeza mwendo". Kuwepo tu kulitosha. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kijana mwenye msimamo hawezi kushawishika. Kijana huyohuyo, mwenye msimamo uleule, huamua tofauti akiwa peke yake saa nne asubuhi na akiwa na wenzake watatu saa nne usiku, na ahadi aliyompa mzazi wake aliitoa akiwa katika hali ya kwanza.

Mpaka hapa nimejisimulia kama mtu aliyeshawishiwa, na nimeona kwamba kila anayesimulia habari hizi hufanya hivyo. Sijawahi kukutana na mtu anayesema, "Mimi nilikuwa rafiki mbaya." Lakini kwa hesabu ya kawaida lazima tuwepo, tena wengi.

Mwaka wangu wa pili mkubwa wetu alihitimu, chumba chake kikachukuliwa na kijana kutoka upande wa Sengerema, mpole, aliyekuwa na kipaji cha hesabu ambacho mimi sina hata leo. Mimi ndiye niliyempokea. Mimi ndiye niliyembebea godoro. Ijumaa ya tatu mimi ndiye niliyemwekea bia mezani ikiwa imefunguliwa, na nadhani hata nilitumia maneno yaleyale, kwa kuwa ndivyo nilivyofundishwa ukarimu. Sikumtakia mabaya. Nilikuwa nikilipa deni la yule aliyenipokea, kwa kumlipa mwingine, kama desturi ilivyotaka.

Mimi bia zilinichosha, sijui kwa nini; nadhani ni mwili tu, kwani asubuhi yake niliugua siku nzima. Yeye hazikumchosha. Muhula wa pili alikuwa akibeba viroba mfukoni mwa shati, vile vifuko vidogo vya pombe kali vilivyouzwa kila duka kwa bei ya chini kuliko soda mbili, hadi serikali ilipovipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Wakati wa mitihani alipata mirungi kutoka kwa jirani mmoja ili akeshe akisoma. Dawa iliyomo katika majani hayo ni ya jamii moja na amfetamini, huondoa usingizi na njaa, na kinachofuata ni usiku ambao mtu hawezi kulala hata akitaka, hivyo hutafuta kitu cha kumshusha. Kwa kumshusha alipata bangi. Kila hatua ilikuwa na sababu yake na kila sababu ilikuwa na rafiki yake, na wa kwanza katika orodha hiyo nilikuwa mimi. Mwaka wa pili alibeba sapu tatu. Wa tatu akadisko, yaani akaondolewa chuoni kwa kufeli.

Nimejaribu tangu wakati huo kufundisha hesabu moja ambayo laiti ningeifahamu. Bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina takriban gramu 20 za alkoholi halisi. Shirika la Afya Duniani huhesabu unywaji wa kupindukia kuanzia gramu 60 kwa kikao kimoja, yaani bia tatu, ambazo mezani kwetu zilikuwa bado ni "kufungua koo". Chupa ndogo ya mililita 200 ya pombe kali ya asilimia 35, ile iliyochukua nafasi ya viroba, ina gramu 55 hivi. Kijana anayemaliza hiyo moja kabla ya kwenda kwenye muziki, kwa kuwa ni nafuu kuliko kununua bia ndani, ameshafika karibu na mpaka huo kabla hajalipa kiingilio. Wanafunzi wangu huicheka hesabu hii mwanzoni. Kisha wanaandika kimyakimya na kupiga hesabu za wikiendi iliyopita.

Zoezi jingine nimelifanya mara mbili, bila kibali chochote cha utafiti, kwa hiyo lichukuliwe kama mchezo wa darasani tu. Kila mmoja anapata karatasi isiyo na jina. Upande mmoja anaandika ni usiku mingapi mwezi uliopita alikunywa; upande wa pili anakisia mwanafunzi wa kawaida wa darasa hilo alikunywa mingapi. Mara zote mbili upande wa kwanza ulijaa sifuri na upande wa pili haukuwa nazo. Darasa zima liliamini kwamba darasa zima linakunywa. Jambo hili halikugunduliwa Mwanza. Mwaka 1993 Deborah Prentice na Dale Miller walionyesha katika Chuo Kikuu cha Princeton kwamba wanafunzi wengi walikuwa na wasiwasi na ulevi uliowazunguka, huku kila mmoja akidhani ni yeye peke yake mwenye wasiwasi huo, na wavulana baada ya miezi kadhaa walianza kusogeza maoni yao kuelekea yale waliyodhani ni ya wenzao. Hapa kwetu, watafiti wa Mwanza na London walichapisha mwaka 2015 utafiti wa vijana 1,954 wa miaka 15 hadi 24 katika mikoa ya Mwanza na Kilimanjaro, wakiwemo wanafunzi wa vyuo. Unywaji ulikuwa mkubwa zaidi Kilimanjaro kuliko kwetu, na waliokuwa wakinywa wakati ule walikuwa wachache kuliko nusu. Kilichokuwa kingi kila mahali ni matangazo ya pombe na urahisi wa kuipata. Anayekunywa huonekana na kusikika, mara nyingi mtaa mzima. Aliyebaki geto akichambua dagaa hana mtu wa kumhesabu.

Kwa sababu hiyo semina tunazowaandalia wanafunzi wa mwaka wa kwanza zinanikera. Analetwa mgeni rasmi, zinaonyeshwa picha za sindano na watu waliokondeana, kisha vijana wanaambiwa waseme hapana. Sindano ni hatari kweli, lakini kijana wa Mkolani haanzii kwenye sindano. Anaanzia kwenye kiti cha plastiki, kwa soda ya kununuliwa, na hakuna anayemwuliza swali ambalo jibu lake ni hapana. Kukataa bia ni rahisi. Kukataa kupokewa ni jambo ambalo hata mimi, na umri wangu huu, silimudu.

Ninachowaambia wa kwangu ni cha kishamba zaidi. Swali la kumwuliza mtu kabla ya kuchangia naye kodi ni kile anachofanya wiki ya bumu, na liulizwe kabla ya kuangalia kama chumba kina dirisha. Kodi ya muhula na pesa ya chakula zilipwe siku hiyohiyo, kabla jua halijazama, ili ofa itoke katika kilichobaki. Asiyekunywa awe wa kwanza kutoa ofa, tena ya chakula, sato wa kukaanga na ugali kwa meza nzima, kwa sababu aliyeshatoa hadaiwi na anaweza kushika soda yake kwa amani. Hila hii nimeiona ikifanya kazi kuliko mahubiri yoyote. Na asiende peke yake. Katika majaribio ya Solomon Asch mwaka 1951, ambapo watu waliombwa kulinganisha urefu wa mistari huku kundi zima likitoa jibu la uongo kwa makusudi, karibu robo tatu walilifuata kundi angalau mara moja dhidi ya macho yao wenyewe. Alipowekwa mtu mmoja tu anayesema kweli, kufuata kulipungua hadi takriban robo ya kiwango cha awali. Mtu mmoja, siyo chama. Mabinti wawili wa darasa langu la mwaka juzi walikubaliana kwamba popote waendapo wataagiza maji pamoja na kuondoka pamoja, na sikupata kusikia mtu akiwasumbua.

Kwa mabinti, hata hivyo, siwezi kuishia hapo. Ofa ya mvulana kwa mvulana hulipwa kwa bia. Ofa ya mwanamume mwenye gari kwa binti wa mwaka wa kwanza ina daftari la namna nyingine, na mara nyingi anayemfikisha kwenye meza hiyo ni rafiki yake wa chumba, ambaye yeye mwenyewe alifikishwa na mwingine mwaka uliotangulia. Pombe pale ina kazi yake. Wanawake wenyewe wanaweza kulieleza hili kuliko mimi, na ningependa waliandike.

Kwa ambaye hali imeshavuka kiwango cha ushauri wa rafiki, hospitali ya Bugando kuna idara ya afya ya akili, na hospitali ya mkoa ya Sekou-Toure hutoa methadoni kwa waathirika wa heroini. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya hupokea simu bila malipo kwa namba 119. Nayaandika haya kwa ufupi kwa kuwa sikuyajua nilipoyahitaji. Mwenzetu alipodisko tulifanya tulichojua: tulichanga nauli, tukamsindikiza hadi kivuko, na jioni yake, Mungu atusamehe, tukaenda baa kumzungumzia.

Nilimkuta Juni mwaka jana Kirumba, sokoni Mwaloni, nilipokwenda kununua dagaa wa kupeleka nyumbani. Alikuwa akipakia magunia kwenye lori, mzima, mabega yamepanuka. Nilikuwa nimejiandalia maneno kwa miaka mingi na hakuna hata moja lililotoka. Aliniita mwalimu. Aliniambia ana mke na watoto wawili, na kwamba hajagusa kitu kwa miaka minne, tangu alipolala siku tisa wodini. Hesabu bado anazo: alitaja bei ya gunia, uzito, na faida ya mwenye lori kichwani kabla sijatoa simu. Tulisogea kwenye kibanda cha mama muuza vinywaji, yeye akachukua maji, akaniagizia soda, na ilikuja ikiwa imefunguliwa. Nilitoa pochi. Akanishika mkono, akamwambia mama yule asipokee hela yangu, kisha akarudi kwenye magunia yake kabla sijamaliza chupa.